Mabuu Mekundu ya Bwawa la Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa biolojia, nakaa Chemchem, na naongea mpaka wanafunzi wanachoka. Lakini mbele ya mama mkwe wangu, kule Igalula, huwa bubu. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, hamkazii macho, wala hambishii.

Mama huyo alilima tumbaku miaka mingi. Moshi wa bani, lile banda la kukaushia majani ya tumbaku, ulimla kifua, daktari akamwambia aache. Ndipo akachimba bwawa, akafuga perege. Bwawa likishindwa anarudi kwenye bani. Hilo alilisema wazi, na tulijua litamwua.

Siku moja nilimkuta amefurahi. Usubi walitanda juu ya bwawa, wingu zima. Hawaumi hao, wakishaota mabawa wanaishi siku chache tu, wanapandana, wanataga majini, wanakufa. Ukingoni nilikanyaga mizoga yao mingi mno, nikaingiwa na wasiwasi.

Mama alichota tope kwa sufuria, akaiweka chini, akarudi nyuma ili nami nisogee. Mabuu ya usubi yalikuwa yakijinyonganyonga humo, mekundu kabisa.

"Baba," aliuliza akitazama pembeni, "hawa si chakula cha samaki?"

"Ndiyo, mama. Perege wanawapenda sana."

"Basi naongeza samadi, wazidi kuzaliana."

Wekundu ule naufundisha kila mwaka. Buu wa usubi ana damu inayoshika hewa kidogo iliyopo, kwa hiyo huishi kwenye tope ambamo wengine wanakosa pumzi. Nilitafuta konokono, nikatafuta mabuu ya kereng'ende. Hakuna. Alikuwa amebaki buu huyo peke yake, maana yake maji yale yalikuwa yanakata roho, na samadi ingeyamaliza. Niliogopa kwelikweli. Na mimi mtaalamu nikasema nini? "Hongera, mama."

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba samadi imezidi kidogo. Naye kwa adabu zake akampigia mama simu, akamweleza kwamba mwalimu amelisifu bwawa. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikasikia, nikaendelea kunywa chai.

Wiki ya tatu mama alipiga simu alfajiri. Perege wote walikuwa wameelea juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Jua lilipopanda walikuwa wamekufa. Usubi waliendelea kuibuka kutoka majini.

Msimu huu amerudi kwenye bani. Nilipokwenda kumsalimia juzi, kikohozi kilimkatiza mara mbili kabla hajaitikia. Kisha akaniuliza kama mwakani ajaribu tena, na kama samadi ya safari ile ndiyo ilikuwa haitoshi.

Nikamweleza yote, mpaka tope lile la kwenye sufuria.

"Kumbe ulijua," akasema, akanitazama usoni.