Mutobe Uliochachuka Siku ya Wakwe

Psssiii. Mpaka leo naisikia ile sauti, nyembamba na ndefu, kama nyoka aliyekanyagwa mkia halafu akaamua kusamehe. Ilitoka kwenye kifuniko cha bidoni, dumu la njano, jikoni kwa watu, huko Gitambi, Jumamosi ya kuombwa binti. Shangazi wa binti, aliyelifungua, hakushtuka. Kwake yeye kinywaji cha ndizi kikipumua ni kizima. Mimi ndiye niliyeshtuka, sahani mikononi, kwa sababu bidoni lile lilikuwa langu na halikupaswa kupumua hata kidogo.

Niseme kwanza nilikuwa natafuta nini jikoni mle. Kazi yangu ina jina refu kuliko masomo yangu. Mimi ni mratibu wa vikundi vya watu wanaotibiwa pombe na madawa ya kulevya katika baadhi ya kata za Rusizi. Shule niliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Walinichukua kwa sababu ninajua Kinyarwanda, ninajua na Kiswahili cha Bukavu nilikolelewa, na kwa sababu mlevi akinikumbatia sikimbii. Kuratibu ni nini? Ni kupiga simu. Ni kuomba mabenchi kanisani. Ni kuhakikisha muuguzi anakwenda Nyakarenzo siku ambayo watu wa Nyakarenzo wapo. Kuna siku nilimpandisha muuguzi mtumbwi kwenda Nkombo, huku kikundi cha Nkombo nacho kimepanda mtumbwi kuja kwangu. Wakapishana katikati ya ziwa, wakapungiana mikono kwa heshima, kila upande ukidhani mratibu ana sababu zake.

Mratibu hakuwa na sababu. Alikuwa na ndoto. Kila mtu aliyemaliza mwezi bila kunywa, mimi tayari nilikuwa Kigali kichwani mwangu, napokea tuzo, nimeshika kipaza sauti, nimevaa blauzi nyeupe, ninamshukuru mama yangu.

Katika kikundi cha Gitambi kulikuwa na fundi wa kujenga nyumba, mzee wa makamo, aliyerudi kutoka Kongo kama mimi. Alikuwa amekunywa kanyanga, ile pombe kali ya kificho, mpaka kuta zake zikaanza kupinda na wateja wakaona. Alipomwoza binti yake wa kwanza, alilala kabla wakwe hawajafika, akatolewa nje kama godoro. Sasa zamu ilikuwa ya binti wa pili. Mke wake alikuwa ametoa hukumu mbele ya ukoo mzima: akigusa pombe tena, kiti cha baba siku hiyo atakikalia mdogo wake fundi. Na huyo mdogo mtu alikuwa ameshanunua koti.

Fundi alikuja kikundini, akatibiwa, akashika msimamo. Jioni kiu ikimshika, alinipigia simu tukaongea habari za matofali mpaka itulie. Nikajua mambo ya matofali kuliko ya matibabu. Miezi ikapita, kuta zake zikanyooka, mkewe akaanza kumwita papa, yaani baba, tena badala ya "yule".

Halafu ikatokea shida ya mrija. Kwetu mwenye nyumba hawapi wageni chungu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kabla yeye mwenyewe hajavuta mrija kwanza, wote wakimwangalia. Ndivyo mgeni anavyojua hakuna sumu. Baba asipoonja, wakwe wanaweza kuinuka na ng'ombe wao wakaenda. Fundi aliniuliza ataonjaje pombe bila kuonja pombe. Tena hakutaka wakwe wajue. Walikuwa wafanyabiashara wa Bukavu, watu wa vitenge na maneno mengi, naye aliona aibu waambiwe baba wa binti anatoka kwenye matibabu.

Hapo mratibu akapata wazo. Mutobe! Maji matamu ya ndizi, kabla hayajawa pombe. Rangi ni ileile, povu kidogo lipo, ukimimina chunguni nani atajua? Fundi ataonja mutobe, wageni watakunywa mutobe, urwagwa wa kweli utafuata baadaye yeye akiwa ameshamaliza kazi yake. Tukaapa watu watatu, fundi, mkewe na mimi, kutunza siri. Usiku huo nikalala nikiwa Kigali.

Mtu mwingine angeleta mutobe asubuhi ya siku yenyewe. Mimi, ili nisichelewe, niliupeleka kwa fundi Jumatano. Bidoni niliazima kwa jirani yangu anayetengeneza urwagwa wa kuuza. Nililisuuza kwa maji baridi, nikaona linang'aa nje, nikaridhika. Na ili watoto wasiuone na kuumaliza, nikauficha pembeni mwa jiko, kwenye joto, nikaufunika blanketi vizuri, kama mtoto mwenye homa.

Muulize mama yeyote wa Gitambi pombe inatengenezwaje. Atakwambia hivyohivyo: bidoni lenye mashapo ya pombe ya zamani, joto, blanketi, siku tatu. Mimi nililelewa mjini, ambako pombe inazaliwa ndani ya chupa. Basi mratibu wa matibabu ya pombe, kwa mikono yake mwenyewe na kwa upendo mwingi, akampikia mgonjwa wake pombe.

Niliposikia ule mlio nilimwambia shangazi angoje kwanza. Akaniuliza angoje nini, wakwe wamekaa na kiu. Nikasema labda tuonje. Akasema anayeonja ni baba, na mimi nibebe sahani. Wakamimina. Harufu ikanifikia, nikajua kwamba hiyo haikuwa pombe ya kubabaisha. Ilikuwa imeiva kuliko wanayouza sokoni.

Nikatoka mbio kumtafuta fundi, lakini alikuwa ameshakaa mbele, chini ya turubai, kwenye kiti cha baba, ndani ya suti iliyopigwa pasi mpaka ikalia. Mdogo wake na koti lake jipya alikuwa nyuma yake, kama mchezaji wa akiba. Nikapita pembeni nikimkonyeza. Akanikonyeza na yeye, kwa furaha, akidhani nampongeza. Nikatikisa kichwa. Akatikisa kichwa na yeye. Nikaonyesha tumbo langu, nikaonyesha chungu, nikajifanya ninaanguka. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu akanivuta sketi, akaniambia kwa huruma kwamba choo kiko nyuma ya nyumba.

Chungu kikawekwa. Fundi akainuka, akashika mrija, akainama. Niliona pua yake inatanuka. Watu kama yeye hawahitaji kuonja. Akabaki ameinama hivyo, mrija nusu ya njia, na shingo yake ikaanza kutoa jasho. Binti, aliyekuwa anachungulia mlangoni kwa sababu zamu yake ya kutoka ilikuwa bado, akaufunika uso kwa mikono. Mimi nilikuwa nimefunika wangu zamani, ila niliacha nafasi kati ya vidole.

Mzee msemaji wa wakwe akakohoa kidogo, akauliza kama kuna tatizo mu chungu.

Fundi akainuka pole pole. Alinitafuta kwa macho, akanipata. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini hakika hakuwa mtu wa Kigali. Kisha akawageukia wageni.

"Bakwe, munisamehe," akasema. "Hii pombe imeiva muzuri, haina shida. Shida ni miye. Nilikuwaka mulevi, batu ba hapa bote banajua. Niko najitibu. Nikivuta huu murija, kesho batanitafuta mu mufereji. Bibi yangu ataonja pahali pangu."

Mimi nikaona ng'ombe wanarudi Bukavu, harusi imekufa, na jina langu linasomwa mbele ya wakubwa wangu. Mkewe hakungoja. Alitoka kati ya wanawake, akapiga goti kwenye chungu, akavuta mrija. Akavuta. Akaendelea kuvuta, mpaka mtu mmoja nyuma akauliza kama sisi wengine tutafikiwa.

Mzee wa wakwe alikuwa bado anamtazama fundi. Akaegemea fimbo yake.

"Papa," akasema, "sisi hatukuvuka mupaka kutafuta mulevi. Balevi tuko nabo bengi kwetu. Tulikuja kutafuta binti."

Kicheko kikapasuka chini ya turubai. Wakaanza kugombania mirija, wakasifu kinywaji, wakauliza nani amekitengeneza, kwa sababu ana mkono mzuri. Shangazi akaninyooshea kidole. Nikapigiwa makofi. Hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kupigiwa makofi mbele ya umati, nayo ilikuwa kwa kutengeneza pombe.

Baadaye fundi alikuja na sahani ya ndizi na nyama, akakaa karibu yangu. Nikaanza kumwomba msamaha, akauliza tu bidoni lilikuwa la nani. Nikamwambia. Akauliza nililifunika na nini. Nikasema blanketi. Alicheka mpaka nyama ikaanguka majanini. Kisha akaweka sahani chini.

"Leo si kitu, mwanangu. Leo batu bako bengi, bananichunga," akasema. "Minaogopa kesho, kama nyumba itabaki kimya."

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka barabara ya juu ya kwake. Nilijiambia naenda kuchukua bidoni la jirani. Uongo, nilitaka kumwona anavyotembea. Nikasimama kati ya migomba kama mwizi, na nikawaona wanatoka kwenda kanisani. Yeye alitangulia, suti ileile, Biblia kwapani. Njia ya pale ina mteremko na mawe. Hakuyumba. Kwenye kona mkewe alimfikia, akamshika mkono, wakapotea wote wawili.

Nikashuka uani. Hakukuwa na mtu. Viti vilikuwa vimefungwa kamba, turubai limekunjwa, lakini mashimo ya nguzo zake yalikuwa bado wazi, na fundi, ninavyomjua, angerudi na kuanza kuyaziba akiwa bado ndani ya suti yake. Nikachutama. Nikasukuma udongo kwa viganja mpaka shimo la kwanza likajaa, nikalikanyaga likakaza, nikaenda kwenye la pili.