Samadi ya Hamira

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1975, Msimamizi wa Mtambo alinisalimia kwa Kiarabu, nami nikamjibu kwa Kiarabu changu cha Unguja. Akanicheka mbele ya wafanyakazi wote. Mtu mwenyewe kazaliwa Unguja kama mimi, ila alitangulia tu kuja Maskati. Kicheko kile sijakisamehe, na sina nia.

Kazi yetu ilikuwa kukeneka spirit ya kusafishia vidonda hospitalini. Tende mbovu ziliroweshwa mapipani, zikatiwa hamira, na zikishachacha tulizichemsha. Mvuke ulipita kwenye bomba la shaba lililopozwa kwa maji, ikadondoka spirit. Nilikuwa nimeshakeneka mafuta ya karafuu kwetu, kwa hiyo halikuwa jambo geni. Yaliyobaki, yaani machicha, yalimwagwa bondeni karibu na kisima cha Mzee Khalfan, mwenye shamba la mitende hapo Wadi Kabir. Maji yake yakaanza kunuka. Alipolalamika, Msimamizi alimwambia avumilie.

Mimi sikuvumilia. Nilichimba shimo, nikalisakafia, nikatia machicha na kinyesi cha ng'ombe, nikalifunika kwa tangi la chuma lililopinduliwa. Baada ya wiki kadhaa ikatoka gesi. Tukaipitisha kwenye bomba hadi chini ya mtambo, ikawaka buluu, na kuni zikapungua. Ujiuji uliobaki niliukausha, nikampelekea Mzee Khalfan.

"Samadi ya nini hii?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Ya hamira."

Sisi Waunguja tunasema hamira bila kh. Yeye akasikia hamir, yaani punda, na samadi ya punda kila mkulima anaijua. Mitende ikastawi, kisima kikapona, majirani wakaja na magunia.

Siku moja wakamshukuru Msimamizi kwa mavi ya punda. Angenyamaza tu! Lakini hakuweza kuacha Kiarabu kibovu kipite. Akawasahihisha: si hamir, ni khamira, ile ya kuchachusha tende za spirit. Wao wakakumbuka khamri, yaani pombe, wakamwaga magunia palepale.

"Unatutia aibu," akanigeukia. "Unawagaia watu najisi! Shimo nnalifukia leo."

"Spirit unaipeleka hospitali, unasifiwa. Hiyo halali, machicha yake ndiyo haramu?"

"We! Kiarabu hukijui, utaijua sharia?"

Akalifukia kwa kokoto, na machicha yakarudi bondeni.

Asubuhi yake Mzee Khalfan akaja na punda na magunia matupu.

"Nimefuata samadi ya punda," alisema taratibu. "Jana palikuwa na kelele, sikusikia yule bwana alisema nini."

Nikamwonyesha kokoto. Alizitazama, akageuza punda wake. Kisima kilinuka mpaka akaliacha shamba, na leo pale pana magereji.

Nimestaafu, nakaa Mabela, hapahapa Maskati. Vijana hunieleza habari za nishati jadidifu kana kwamba imezuka jana, nami damu inanichemka. Tulikuwa nayo, wanangu. Ilikuwa ikiwaka buluu Wadi Kabir, akaifukia mtu mmoja aliyetaka watu wajue kwamba yeye anaweza kutamka kh.