Uso wa Saa ya Babu

Mwezi uliopita niliteremka Moshi mjini na mdogo wangu, binti wa baba mdogo, kumpelekea fundi saa ya mfukoni ya marehemu babu. Ilikuwa imesimama. Duka ni lile lile la utoto wetu, lenye kaunta ya kioo, ila mzee wa Kihindi aliyekuwa akikaa nyuma yake sasa yupo kwenye picha ukutani, na anayekaa ni mwanawe, naye ana mvi tayari. Akabana kile kioo chake jichoni, akaifungua saa, akaguna.

"Mashine nzima. Lakini uso... nani aliuosha uso huu?"

Mdogo wangu akaninyooshea kidole kwa fahari. "Dada yangu huyu. Tulikuwa watoto. Aliing'arisha kwa ajili yangu."

Nami nikatabasamu. Rafiki yangu, ngoja nikueleze tabasamu lile.

Nililelewa na babu na bibi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, huku Marangu, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni na maduka kupata sabuni za kila rangi. Asubuhi ilianza na moshi wa jikoni na maji ya mfereji yakipita nyuma ya migomba. Niliteka maji, nikakata majani ya ng'ombe, nikamenya ndizi za mtori hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Kazi moja tu niliipenda, kuitia saa ya babu ufunguo kabla ya kwenda shule. Alipewa alipostaafu ukarani kwenye ghala la kahawa. Bibi alisema uso wake ulikuwa mweupe zamani. Mimi niliukuta na rangi ya chai ya maziwa, imekoza zaidi pembeni, na namba nyeusi zote kumi na mbili zipo. Niliihesabu saa ile kuwa yangu. Hakuna aliyeniahidi, lakini nani mwingine aliyejua inataka mizunguko mingapi?

Halafu Desemba ilikuwa inafika, na ndugu wote wanapanda kutoka mijini kuja kula sikukuu nyumbani. Mdogo wangu huyu alikuja kutoka Dar na soksi zenye lesi. Alikuwa na umri wangu kasoro miezi, na alishangaa kila kitu: "Hivi nyie mnaogaje na baridi hii?" Bibi, ambaye hakuwahi kuusifia mtori wangu hata mara moja, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Alimpakulia kwanza. Alimlaza karibu na moto. Nilimwonea wivu, sikufichi. Nilikuwa nikiziangalia zile soksi zikianikwa kambani na kuomba mvua inyeshe.

Mwaka mmoja, wiki ya Krismasi, babu alinichukua tukashuka kwa fundi. Alitaka kujua kama ule uso uliochakaa uwekwe mpya, maana alikuwa na nia ya kuitoa zawadi. Moyo wangu ulipiga kuliko saa yenyewe. Fundi alifungua kifuniko cha kioo kwa ukucha, akatazama muda mrefu.

"Mzee, maji yakiingia, uso unapata mabaka na namba zinaliwa. Hapo thamani imeanguka. Huu wako umezeeka sawasawa, namba nzima, hakuna mtu aliyepaka rangi juu. Ukiubadilisha, unakuwa na saa kama saa nyingine. Ukiuosha, umeiua. Wageni wanaokuja kupanda mlima wananiulizia za namna hii, na wanataka isiyoguswa."

Babu alicheka. "Kumbe huu uchakavu ni mali?"

"Ni mali, mzee. Uache hivyo hivyo."

Njia nzima ya kurudi niliona nimetajirika. Tulipofika nyumbani babu akaketi kwenye kigoda, akaniita. "Saa hii nitampa mdogo wako siku ya Krismasi. Wewe una mimi kila siku. Yeye yuko mbali, atakuwa na saa."

Nilisikia maneno ya mwanzo tu. Yale mengine niliyasikia miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nikiwa peke yangu.

Siku moja kabla ya Krismasi ilikuwa ya kusugua sufuria. Zote zilitolewa hadi mferejini, nami nikapewa jivu, limao na majani makavu ya mgomba. "Sugua mpaka ujione uso," bibi alizoea kusema. Saa ilikuwa mfukoni mwa gauni langu, nimeichukua kuitia ufunguo. Nikafungua kile kifuniko kwa ukucha kama nilivyomwona fundi. Usinitafutie sababu, usiseme nilikuwa mtoto. Nilijua kabisa. Nilichovya kidole kwenye limao na jivu nikasugua ile rangi ya chai, taratibu, nikizungusha kidole kando ya mishale, mpaka bati likang'aa na namba nne na tano zikabaki vivuli. Nilisikia raha. Kisha nikamaliza sufuria.

Kesho yake, baada ya kanisa, sahani za machalari zikiwa mikononi, babu aliitoa saa. Nilisubiri fimbo. Aliisogeza mbali na macho yake, akaigeuzageuza, akaniangalia.

"Tazameni," akasema. "Mjukuu wangu ameisafisha ili mwenzake apate kitu kizuri. Aika, mae, asante mama."

Wakapiga makofi wote. Mdogo wangu akanikumbatia na kunong'ona kwamba mimi ndiye dada yake kuliko wote. Mpaka leo sijui kama babu alikuwa ameyasahau maneno ya fundi.

Fundi wa sasa aliirekebisha mashine, ila kuhusu uso alitikisa kichwa tu. Tukapanda nyumbani. Migomba imebaki michache, kahawa iling'olewa zamani, na mfereji ni mtaro mkavu wenye chupa za plastiki. Lakini ule mmea wa sale bado upo mpakani. Kwetu, ukimkosea mtu unamchumia jani la sale. Akilipokea, amekusamehe, na kulikataa ni vigumu. Nilimwona jirani akimletea babu jani hilo baada ya ugomvi wa mwaka mzima, na jioni ile ile wakanywa mbege kwa kata moja.

Asubuhi nikachuma moja, nikampelekea mdogo wangu mezani akinywa chai.

"Dada! Zuri hili. Ni la nini?"

Kabla sijajibu, alikwishajaza maji glasi, akalisimamisha ndani yake kama ua, kando ya saa.

Hakuna aliyemfundisha maana yake. Nilikaa nikilitazama, na wivu wa miaka yote ile ukaniaibisha. Yeye alipewa saa, iliyoharibiwa na mkono wangu, akaipenda hivyo hivyo. Mimi nilipewa babu, na kihamba, na mfereji ukiwa na maji, na maana ya jani lile. Waliolijua wamekwisha karibu wote, na sasa halikuweza kunisemea.

Nikavuta kiti.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "ile saa sikuing'arisha kwa ajili yako."