Mganga wa Kambale

Iko Jumapili moja, wanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yenu asinisikie. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baada ya misa tulikuwa tukikutana vijana wanne nyumbani kwetu mtaa wa Majengo, Goma, kucheza ule mchezo ambao nasikia leo nanyi mnaucheza: kila mmoja ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, shujaa au mganga, mnasafiri kwa maneno tu katika nchi ya mazimwi, na dadu ndiyo inaamua nani atapona. Mwalimu mmoja mgeni alituachia kisanduku chake aliporudi kwao. Kitabu cha sheria kilikuwa kimenyofoka nusu, kwa hiyo sheria zilizokosekana tulizitunga wenyewe.

Nisiseme uongo, nilizitunga mimi. Ndimi niliyekuwa msimulizi, na nilipenda sheria kama polisi wa barabarani. Ya kwanza: asiyekuwapo na lake halipo. Ukikosa Jumapili, mtu wako hapandi nivo, yaani habaki na wenzake kwenye ngazi ya nguvu. Ya pili: mtu wako akifa, unaanza upya na nivo ya kwanza.

Rafiki yangu Kambale, wa mtaa wa Keshero, alikuwa anacheza mganga. Majeraha yetu yote aliyafunga yeye. Kisha baba yake akafariki, Kambale akaenda kwao Butembo kwenye matanga, akakosa Jumapili saba. Aliporudi, mimi hata pole sikumpelekea. Nilingoja aje kucheza.

Alikuja amenyoa kichwa. Wenzake walikuwa nivo ya sita, yeye ya pili. Mmoja wetu aliomba tumpandishe. Nikakataa, nikasema sheria ni msumeno. Zimwi la kwanza tulilokutana nalo lilimuua mganga wake kwa pigo moja, nami nikampa karatasi tupu aanze upya. Aliirudisha mbele yangu.

"Mungeniachia hata huyu mutu wa mu karatasi," akasema, akainuka, akaondoka.

Baba yangu alikuwa barazani, amesikia yote. Alikuwa mfugaji aliyetoka Masisi, si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza kama nilishakwenda kumpa Kambale pole ya msiba. Nikaanza kukusanya dadu.

"Kwetu, mutu akiwa mu matanga, majirani wanachunga ngombe zake," akasema. "Ndama ikizaliwa, ni yake. Hakuna mwenye atamuambia: haukukuwa hapa, ndama si yako."

Wanangu, nilielewa palepale. Lakini kuelewa si kwenda. Kiburi kilinishika miguu, nikajiambia nitakwenda wiki ijayo, na wiki nne zikapita. Nilipofika Keshero, nimebeba karatasi ya mganga wa nivo ya sita, jirani aliniambia mama yake amewachukua watoto wote, wamehamia Butembo kwa baba zao wadogo. Niliandika barua, hazikujibiwa. Kisha vita vikafunga njia.

Mwaka juzi nilikuwa soko la Kituku nikinunua sambaza, vile visamaki vya ziwani, mama mmoja akaniangalia sana, akanitaja kwa jina. Alikuwa dada mdogo wa Kambale. Aliniambia kaka yake alikufa zamani, kwa ugonjwa. Nikamuuliza, kwa woga, kama aliwahi kunitaja. Akasema sana tu, kwani aliwafundisha wadogo zake mchezo wetu, na kwao mgonjwa au mwenye msiba alipandishwa nivo pamoja na wengine.

"Alitusemeaka ni vile munachezaka kwenu, ku Goma," akasema.

Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya wauza samaki. Alikuwa amenipa wema ambao sikuwa nao, naye hakuwapo tena nimrudishie.

Basi nisikilizeni. Tungeni sheria zenu, maana mchezo usio na sheria ni fujo. Lakini kabla ya kumsomea mtu sheria, muulizeni alikuwa wapi, na kama alikuwa kwenye msiba, apande pamoja nanyi. Na ukimkosea mwenzio, nenda leo, hata kwa aibu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea peke yangu miaka mingi mno.

Mungu awalinde, wanangu. Awape marafiki wa kuwasamehe mkiwa bado hai, na miguu myepesi ya kwenda kuomba msamaha.