Mama na Filamu Isiyotafsiriwa

Jirani yangu hapa mjini Mpemba bado anatengeneza TV za chogo, zile nene za zamani. Harufu ya vumbi lililopata moto hunirudisha sebuleni kwetu, kule Mbozi.

Baba alikuwa amefariki, na tangu mazishi mama alikuwa haongei. Jioni moja dada aliweka filamu ya Kihindi isiyotafsiriwa.

"Huyu mama mkwe ni mchawi," dada alisema.

"Si mchawi," mama akajibu kutoka mkekani. "Amefiwa huyo. Mwangalieni macho."

Akasogea karibu na TV, akatusimulia filamu nzima kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, hata nyimbo.

Nimeshaiona ikiwa imetafsiriwa, na yule mama mkwe hakufiwa na mtu. Ile ya mama ilikuwa nzuri zaidi. Jioni ile filamu ilipokwisha, mama alitugeukia, akauliza, "Kesho mtaweka ipi?"