Kanda Iliyomtoa Bibi Tereza Sebuleni

Ni asubuhi, ukungu bado umeikalia stendi ya Makambako, na Sikudhani anaivua deki ya video blanketi lake. Kila siku huilaza imefunikwa kama mtoto mchanga, maana baridi ya huku ikiingia ndani ya mashine, kanda hunata na kukatika. Anaigusa kwa kiganja kwanza kuona kama imepata joto. Halafu anasukuma kanda ndani.

Leo haangalii peke yake. Binti yake Shamimu, mwanafunzi wa kidato cha pili, amevuta kigoda karibu na televisheni. Kazi yake ni kusema kwa Kiswahili kila linalotoka mle ndani.

"Kila neno," mama anamkumbusha. "Hata kikohozi."

"Kikohozi hakina Kiingereza, mama."

"Wewe kiseme tu."

Kanda hiyo imefika jana kutoka Uingereza, na kuna watu kijijini Kifanya wanaoingoja kwa hamu kuliko mvua. Tangu mwezi wa sita, mwanamke mmoja wa huko aitwaye Lidia ameondoka kwa mumewe na kurudi kwa mama yake, na watoto wote kawabeba. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Mama yake aliudhiwa na kanda ya video akiwa nyumbani kwa mkwewe, na aliyeichagua kanda hiyo ni Sikudhani.

"Sijawahi kuvunja nyumba ya mtu," anasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Sitaki kuanza na hii."

Sikudhani ana miaka arobaini na mitano. Ni mzaliwa wa Pangani, aliyefika Makambako akimfuata mumewe Badru, dereva wa lori la mbolea. Zamani aliuza vitenge na mafuta ya nazi katika chumba hiki hiki kilicho nyuma ya gereji. Nchi ilipofungua milango ya biashara, televisheni na deki zikaanza kushushwa kwenye malori pamoja na sabuni na vioo vya madirisha.

"Watu walinunua mashine kwanza, ndipo wakauliza cha kuangalia," anakumbuka. "Kuna mzee mmoja alikuwa na kanda moja tu, ya harusi ya watu asiowajua. Aliiangalia mpaka akawa anamsema bwana harusi."

Wenye maduka mengine ya kanda wana karate na sinema za Kihindi. Sikudhani akaona atafute lake. Dada yake, Rehana, ni dobi wa hospitali moja huko Uingereza, na jioni hunasa michezo mipya ya kuigiza ya televisheni ya kule kwenye kanda. Zikifika tatu au nne, humkabidhi yeyote anayepanda ndege kurudi nyumbani. Kutoka Dar es Salaam huletwa na Mudy, kondakta wa basi, ambaye huzifunga ndani ya koti lake zisipate vumbi.

Majina ya Kiingereza hayamkai mtu kichwani, kwa hiyo Sikudhani huyapa michezo majina yake mwenyewe. Kuna Polisi wa Mvua, kuna Wapangaji Sita, kuna Daktari Asiyecheka. Anayeingia dukani haonyeshwi rafu akachague. Huulizwa swali moja.

Asubuhi hii anaulizwa Issa, dereva wa lori la mbao, aliyeingia akipuliza vidole vyake kwa baridi.

"Mama Shamimu, nipe kitu cha kuchangamsha."

"Utaangalia na nani?"

"Na wenzangu, pale gesti."

"Chukua Polisi wa Mvua."

"Wanapigana?"

"Hawapigani. Anakwenda kunywa chai kwa kila mtu, mpaka mmoja anachoka anakiri."

"Polisi gani huyo? Huku angekunywa chai mpaka astaafu."

"Basi kaangalie kwao alistaafu lini."

Issa anatoa shilingi mia mbili za usiku mmoja, anaondoka anacheka. Kwa kazi hiyo Sikudhani amemsomesha Shamimu hadi hapo alipo, na Badru akikaa wiki tatu njia ya Songea, nyumba haitikisiki.

Swali lake lina sababu. Sebule za huku hukaliwa na watu wengi kwa pamoja, na si kila mtu anaweza kuona kila kitu mbele ya kila mtu. Baba hawezi kukaa na mkwewe wa kike mbele ya watu wanaobusiana. Padri akiwa mgeni, haifai kuonyesha mke anayemkimbia mume. Ndiyo maana Sikudhani huziangalia kanda zote mwenyewe kabla hazijatoka dukani.

"Mwingereza hakupi taarifa," anaeleza. "Mtu anamimina chai vizuri kabisa, mara amemshika mwenzake shavu. Lazima nijue anamshika wapi, na nani atakuwa amekaa hapo."

Lakini Kiingereza chake ni cha macho. Anaona nani kakasirika, nani anadanganya, nani anampenda nani. Maneno huyaacha yapite. Kwa miaka mingi hilo halikumdhuru, kwa kuwa hata wateja wake wengi huangalia hivyo hivyo.

Mwezi wa sita alikuja Edson, mpasua mbao wa Kifanya, mume wa Lidia. Alikuwa amenunua televisheni na deki, na umeme aliupata kwa jenereta yake ya karakana. Alijibu swali la Sikudhani kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama.

"Nitaangalia na mama mkwe wangu."

Sikudhani alimtazama mara mbili. Ameishi huku vya kutosha kujua kwamba kwa familia nyingi za Kibena mkwe wa kiume haketi chumba kimoja na mama wa mkewe, wala hawali pamoja. Edson akaeleza kuwa amelimaliza hilo. Ametoa mbuzi na shuka kwa taratibu za wazee, na Bibi Tereza, mama yake Lidia, amekubali kuingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Ataingia aione Uingereza.

Sikudhani akampa mchezo aliouita Bibi wa Kofia. Ni wa mjane wa Kiingereza aliyeuza nyumba yake na kuhamia kwa binti yake, ambaye ameolewa na fundi bomba. Hakuna aliyebusiwa mle. Wote wamevaa masweta. Na kila jioni, mkwe na mama mkwe wanakula meza moja.

"Nikasema, tazama, heshima tupu," anasema Sikudhani. "Nikaona na Bibi Tereza ataona kuwa si vibaya kukaa na mkwe."

Kitu ambacho hakukiuliza ni nani mwingine atakuwepo. Edson alikuwa amemwalika Hilario, katekista aliyewahi kusoma seminari, ili awatafsirie wageni kwa Kibena. Na Hilario ni mtu wa kutimiza kazi.

"Nilitafsiri kama ninavyosoma somo kanisani," anasema katekista huyo. "Huwezi kuruka mstari kwa sababu haujakupendeza."

Bibi Tereza alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, sahani ya ugali na kuku mapajani. Ndani ya televisheni, fundi bomba alimtazama mama mkwe wake, akasema jambo, na watu wasioonekana wakacheka. Hilario akatafsiri kwa sauti ya kufika nyuma: "Anasema, nilioa mmoja, nikaletewa wawili, na aliyezidi ndiye anayekula."

Bibi Tereza aliweka sahani chini. Wale wasioonekana wakacheka tena. Na Edson, kwa kutojua afanye nini na uso wake, akacheka nao.

Mama huyo aliinuka, akajitanda khanga, akatoka. Jioni hiyo hiyo Lidia alifuata na watoto.

"Nilicheka kwa sababu wao walicheka," Edson anasema hadi leo. "Ukiwa na watu wanacheka, kicheko kinakutoka tu."

Habari zilipofika Makambako, Sikudhani alifunga duka, akapanda gari hadi Njombe na kuendelea hadi Kifanya. Alimkuta Bibi Tereza akipukuchua mahindi, akamwambia kosa ni lake: kanda ile aliiona, lakini hakuisikia.

Bibi Tereza hakugomba. Aliuliza jambo moja: yule kijana wa Kiingereza alimpa nini mama mkwe wake baada ya kumtukana?

Sikudhani hakujua. Kanda ilikwisha bibi wa watu akiburuta sanduku lake kwenye mvua.

"Basi kalete inayofuata," Bibi Tereza aliamua. "Nikiona kwao wanalipaje, nitajua Edson alipe nini. Kabla ya hapo binti yangu yuko hapa."

Kwa hiyo ikabidi Rehana, katikati ya foronya na mashuka ya hospitali ya ugenini, atafute muendelezo. Imechukua miezi mitatu. Na sasa, nyuma ya gereji, Shamimu anatafsiri na mama yake ameinama mbele kama anayesikiliza hukumu.

Kwenye kioo mlango unafunguliwa. Bibi wa Kofia anaingia na sanduku lake, anatundika kofia msumarini, anaketi mezani.

"Amesema nini?"

"Amesema, sukari iko wapi."

"Na mkwewe?"

"Amesema, pale pale ilipokuwa."

"Halafu?"

"Basi, mama. Wanakunywa chai."

Sikudhani anarudisha kanda nyuma. Wanaangalia tena, kisha tena. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyetoa kitu.

Badru, ambaye yuko nyumbani wiki hii, ameegemea mlango na kikombe chake. "Wewe mwambie alitoa mbuzi," anashauri. "Mkwe akatoe mbuzi mwingine, mke arudi, yaishe."

"Mbuzi wa wapi, kwenye nyumba ya ghorofa?"

"Mwambie alikuwa jikoni."

"Na Hilario je? Si atatafsiri?" Sikudhani anaitoa kanda, anaifuta vumbi kwa kitambaa. "Watu wanakuja hapa kwa kuwa nikisema kanda hii ni hivi, ni hivi. Nikidanganya hii moja, zilizobaki nani atazichukua?"

Jumamosi yuko Kifanya. Edson anamngoja karibu na karakana yake, mbao mbichi zikinuka, na anajua kwa kumtazama tu kwamba habari si nzuri. Hamfuati ndani. Anabaki nje ya ua wa mama mkwe wake, kofia mkononi.

"Kamwene, mama," Sikudhani anasalimu.

"Kamwene. Kaa." Bibi Tereza anamsogezea kigoda. Lidia, aliyekuwa akichambua maharage, anaacha mkono hewani. "Haya. Alilipa nini?"

"Hakulipa, mama."

"Hata kuku?"

"Hata yai."

"Na yule mama hakurudi?"

"Alirudi. Akatundika kofia, akauliza sukari iko wapi."

Kuku anapita kati ya miguu yao, hakuna anayemfukuza. Lidia anamtazama mama yake, kisha anatazama uani, mahali ambapo kichwa cha mumewe kinaonekana juu ya ua.

"Hebu sema tena," anasema Bibi Tereza. "Aliuliza sukari?"

"Sukari, mama. Kwa sauti ya kawaida."

"Basi ana jambo huyo." Kidole chake kinagonga goti. "Mwanamke hatukanwi vile mbele ya watu wanaocheka, akarudi kuomba sukari. Anamvizia. Mimi nataka kuona atamfanya nini."

Lidia anajifunika mdomo kwa upande wa khanga, lakini mabega yanamsaliti.

"Unacheka nini wewe? Kamwambie mumeo awashe hilo jenereta lake. Na aje na kuku. Si kwa maneno ya Mwingereza, mimi Mwingereza simjui. Ni kwa kicheko chake mwenyewe. Halafu akae mlangoni, asinitazame."

"Na Hilario?"

"Hilario aje. Nani atanisomea?"

Kabla jua halijazama, watoto wa Lidia wamekwisha kuvuka shamba wakibeba masufuria kichwani, na godoro linafuata mabegani mwa Edson. Kuku amefungwa miguu, amewekwa jikoni kwa Bibi Tereza. Sebuleni kwa Edson, Bibi Tereza ameketi kiti kile kile, Hilario pembeni yake na miwani puani, naye anatafsiri hata salamu. Edson amekaa kizingitini, mgongo umewageukia, na watu wa ndani ya televisheni wanapocheka, yeye anatazama mbao zake.

Kanda inafika mwisho. Bibi wa Kofia anaonekana ameshika ufunguo ambao haujulikani ni wa wapi, na kioo kinakuwa cheusi.

"Inayofuata iko wapi?" anauliza Bibi Tereza.

Sikudhani anarudi Makambako na swali hilo. Jumatatu anampa Mudy barua ya kupelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko kwa Rehana: anase Bibi wa Kofia yote, asiruke hata wiki moja. Mwakani anapanga kukodi chumba cha pili, mjini Njombe, na kila kanda sasa itapita kwa macho yake na kwa masikio ya Shamimu kabla haijamfikia mteja. Lakini kwanza lazima huyu bibi apatikane hadi mwisho, maana Kifanya wamekaa wanangoja.

"Umri wake umekwenda, na kule baridi ni kali," anasema, akiifunika deki blanketi. "Naomba tu asife kabla hajamfanya kitu yule kijana."