Tarehe ya Fundi Kesho

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Mtaani ni Fundi Kesho, na hakuonewa, jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka ishirini na mitano ulikuwa ukimpelekea kitambaa anakupima vizuri, anaandika vipimo vyako kwa chaki kwenye ubao wa meza, halafu anakwambia njoo kesho. Ukija kesho, unaambiwa kesho. Ukija umevimba kwa hasira, unamkuta mkewe amesimama mlangoni. "Ametoka," anasema, tena kwa kiapo, na kumbe bwana mkubwa yumo chini ya meza ya kukatia, amekumbatia magoti, anasikiliza viatu vyako viondoke. Kuna mtoto alipimwa suruali ya darasa la kwanza akaipata darasa la tatu, imekuwa kaptura. Na dada yake wa tumbo moja, jamani, aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima, limebanwa mgongoni kwa pini, huku gauni lake mwenyewe liko kwa mdogo wake, halina mikono.

Mwaka juzi akaokoka. Sasa, mtu akiokokea ugenini ana raha yake, maana hakuna anayemjua. Huyu aliokokea mtaa uleule, kibanda kilekile, cherehani ileile. Alisimama mbele ya kanisa akasema kuanzia leo uongo basi. Watu wakaitikia amina, wakarudi makwao kungoja waone.

Neno kesho akaacha hata kulitamka. Akawa anasema Jumatano saa nne, na Jumatano saa nne nguo inaning'inia, imepigwa pasi. Mwenye nguo haji. Anajikokota Jumatatu ya pili yake, maana ameshapiga hesabu zake kichwani.

"Kumbe iko tayari? Mimi nilijua..."

"Ulijua nini?"

"Aa, basi tu."

Hiyo "basi tu" ilimkera fundi kuliko tusi la nguoni. Angetukanwa angejibu, au angesamehe. "Basi tu" unaisamehe vipi?

Ndipo dada mtu akamletea kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Fundi almanusura alie. Baada ya yale ya pini, dada anamwamini tena.

"Harusi lini, dada?"

"Tarehe kumi, Jumamosi," dada akajibu, anaangalia rili za nyuzi ukutani.

Jioni hiyohiyo akaja mama mwalimu wa kwaya ya kanisa na vitambaa vya majoho ishirini, anayataka Jumapili ya tarehe kumi na moja. Fundi wa zamani angepokea yote, akaanza kutafuta pa kujificha. Fundi wa sasa akasema kweli tupu: "Mwalimu, sitaweza. Tarehe kumi tunamwozesha mpwa wangu." Mwalimu wa kwaya akamtazama weee, akakunja vitambaa vyake, akaondoka bila kuaga. Fundi akamshukuru Mungu kwa kumshindia jaribu.

Akashona. Lesi aliifumua mara tatu, vifungo vya mgongoni akavishikiza kwa mkono kimoja kimoja. Alhamisi tarehe nane gauni likawa tayari, na Ijumaa asubuhi akalibeba mpaka kwa dada yake, anapita katikati ya mtaa makusudi ili waone. Kufika, nyumba imetulia tuli. Hakuna turubai wala mgeni. Dada yuko uani anafua mapazia.

"Dada, harusi si kesho?"

Dada akaacha kufua. "Umemaliza?"

"Tangu jana."

"Mungu wangu." Akakalia ndoo. "Mdogo wangu, usikasirike. Harusi ni tarehe ishirini na nne. Kumi ilikuwa tarehe yako."

"Tarehe yangu?"

"Ya kukuwahisha. Mkeo ndiye aliyesema tukutajie tarehe ya wiki mbili kabla."

Kadi zilikuwa zimeshagawiwa, kanisa zima linazo, yeye tu ndiye hakupewa. Mwalimu wa kwaya anayo. Hapo ndipo fundi alipoelewa yale macho: mama wa watu anajua harusi ni ishirini na nne, anaambiwa kumi, na anayemwambia ni Kesho. Na kwaya nzima imeshajua kwamba yule aliyeokoka amekwepa kazi ya kanisa kwa uongo. Mtasema mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Haya, semeni. Lakini huyu alikuwa ameshaacha kutenda.

Alimkuta mkewe anapiga pasi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na leo asubuhi tumesali pamoja."

"Tumesali."

"Ulikuwa unaniombea nini?"

"Uwahi."

Fundi akapandwa. Akasema yote. Kwamba tangu aokoke hajamdanganya mtu, na leo anaitwa mwongo kwa uongo wa wengine, tena wa mkewe. Kwamba amechoka, amechoka mpaka kwenye mifupa, kuthibitisha kitu ambacho kila mtu ameshaamua kutokiamini. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, akachomoa pasi.

"Una haki," akasema. "Nakwenda kwa mwalimu wa kwaya mwenyewe. Nitamwambia ni mimi."

Akavaa viatu, akatoka. Fundi akakaa kwenye cherehani akijaribu kupinda shati la mtu, uzi ukakatika, akatunga, ukakatika tena. Moyoni alishatulia. Mkewe anafundisha shule ya Jumapili, watoto wa mwalimu wa kwaya wako darasani kwake. Akisema neno, limekwisha.

Alirudi baada ya saa nzima, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua viatu.

"Umemwambia?"

"Lote."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akanishika bega, akasema pole mwenzangu, mpaka leo bado unamkingia kifua. Nikamwapia. Akasema hata zile siku za mlangoni nilikuwa naapa hivyohivyo."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

Mkewe akainama kufungua viatu. "Ndivyo unavyoishi wewe?"

"Mwaka wa pili sasa," fundi akasema.